Dari ya Nekesa Imeshinda Mvua

Wifi yangu Nasimiyu, dari ya binti yetu imeshinda mvua ya Kitale! Pole, hata sijakusalimia. Hamjambo huko Sirisia?

Unajua vile mabati ya kanisa hupiga kelele. Hapa mvua ikianza, pasta alikuwa ananyamaza, watu wanaimba tu mpaka iishe. Nekesa akawawekea dari ya jipsamu, na juu yake akatandika pamba nene ya kuzuia sauti. Mzee wa kanisa akaniambia, "Mama, huyu wako tutampitisha siku itanyesha. Tusiposikia mahubiri, ataing'oa." Na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza bila bosi, wifi. Usingizi ulinipotea.

Jana Jumapili, katikati ya mahubiri, mvua ikamwagika. Wote tukatazama juu. Pasta kwa mazoea akafunga Biblia. Kanisa likanyamaza, tukasikia mtoto akikohoa kule nyuma, na mvua kwa mbali kama maharagwe yanachemka kwa jirani. Mzee akasema, "Si uendelee, Pasta." Mimi nikalia.

Halafu ni maridadi. Pembeni ameishusha na kuficha taa humo, katikati ameipandisha, mpaka kanisa dogo linaonekana kubwa. Na ni wewe ulisema ati msichana juu ya ngazi ni aibu. Nimekusamehe, lakini kuku utachinja wewe.

Nakuja naye nyumbani. Nawapenda sana. Waambie watu wote wa boma watungoje kwako Jumamosi hii.

Mama Nekesa