Mwenzangu wa Kwenye Beseni

Kariakoo, 4 Machi 2024

Mwanangu Evelyn,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto tu linatuchemsha. Unakula? Barua anakuletea jirani yangu Abdulkadiri, anakuja Guangzhou kufuata mzigo. Kwenye simu mambo kama haya siyasemi, duka zima linasikia.

Viungo vimetulia kwa dawa, ila kichwa kinanichezea, uzee huo. Juzi mteja wa Songea kaomba mapazia ya maua, nikazunguka kwenye stoo niliyoipanga mwenyewe kama mgeni. Nimeona aibu sana. Duka namwachia mjomba wako Polycarp, mimi nirudi Moshi.

Na hao panya wako wa maabara! Sisi huku tunawawekea sumu, wewe umepanda ndege kwenda kuwalea.

Mama yako

Guangzhou, 17 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, unga wako umefika, nimesonga ugali mpaka jirani kabisha hodi.

Barua yako imeniliza. Mama, hao panya unaowacheka wana ugonjwa kama wako, kinga ya mwili imewageuka. Tunawaogelesha kwenye beseni kubwa. Chini ya maji kuna kijukwaa kisichoonekana cha kupumzikia, na ukutani tumebandika picha ili wajue pande. Mzima akishazoea hukiendea moja kwa moja. Mgonjwa anazunguka tu, alichojifunza jana kakisahau. Tukiwapa dawa, baadhi yao hujifunza upya.

Panya si mtu, siwezi kukuahidi. Lakini huenda si uzee, Mama. Nenda kliniki, mweleze daktari habari za kusahau, siyo viungo tu. Na funguo za duka usimpe mjomba kwanza.

Mwanao,
Evelyn

Guangzhou, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Abdulkadiri amekuja tena, hana barua yako. Kwenye simu unasema "nipo, nipo," unakata. Umeenda? Funguo anazo nani? Sina raha.

Mwanao

Kariakoo, 21 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Usinune. Nilikasirika: nimekusomesha, umenilinganisha na panya! Hasira ilipopoa nikamwonea huruma yule anayezunguka kwenye maji, hajui aende wapi. Nikaenda kliniki kwa ajili yake, nikajikuta nalia mbele ya daktari. Dada mmoja mpole, Fatuma. Kaniuliza mengi, kanipima, kanibadilishia dawa. Siku mbaya bado zipo, ila zimepungua.

Na zile picha zenu nimeziiga. Stoo, kona ya mapazia nimetundika kitenge cha tausi, kona ya mashuka kanga nyekundu, kwenye mito kalenda ya parokia. Abdulkadiri anauliza kama kuna harusi.

Mjomba wako alikuja kufuata funguo. Nikampa chai, akanywa, akaondoka.

Jana yule wa Songea karudi, kataka yaleyale ya maua. Nikaingia stoo, nikamwona tausi, nikaenda moja kwa moja. Nimefurahi mpaka nimempunguzia bei.

Msalimie mwenzangu wa kwenye beseni. Mwambie mimi nimefika.

Mama yako, wa dukani