Mkono wa Ambrose

Germantown, Philadelphia
4 Septemba 1887

Kwako kaka Josiah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Denver, na kwamba wifi na watoto nao hawajambo. Mama anakusalimu, ingawa siku hizi hali chakula vizuri. Mimi nipo, ila siko sawa, na habari niliyo nayo ni nzito. Kaa kitako kwanza.

Ni juu ya mdogo wetu Ambrose. Mwezi uliopita alikuwa akimpasua mgonjwa jipu, kisu kikateleza kikamkata kidole cha mkono wa kulia. Yeye mwenyewe daktari, anajua kwamba usaha ukiingia kwenye damu unaua. Nilimsihi akamwone Dakta Pruitt. Akanicheka, akasema mimi na woga tulizaliwa pacha. Kumbe Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa acheze fainali ya tenisi ya klabu, na mpinzani wake ni huyohuyo Pruitt.

Unawajua mabwana hawa na taratibu zao. Ukitaja maradhi kabla ya mchezo, unaomba huruma; ukiyataja baada ya kushindwa, unatafuta kisingizio. Ukijitoa, umemnyima mwenzako raha ya kushinda. Basi Ambrose akavaa glavu akacheza. Mwamuzi alipompa pointi isiyo yake, aliupiga makusudi mpira uliofuata kwenye wavu ili airudishe, watu wakampigia makofi. Akashindwa. Wakati wa kupeana mikono alitoa wa kushoto, akatania kwamba wa kulia umenuna. Pruitt, daktari hodari wa upasuaji kuliko wote mjini, alisimama mbele yake, akacheka, akaenda kunywa chai.

Kesho yake mkono ulivimba mpaka kwapani. Pruitt alipoitwa akafungua kitambaa cha jeraha, akamwuliza kwa nini hakumwambia. Ambrose akajibu kwamba kama angemwambia, mwenzake angemwachia ushindi, na mchezo wa kuachiwa si mchezo. Walimkata mkono jioni hiyohiyo. Homa haikushuka.

Kaka, Ambrose hatunaye. Tulimzika Alhamisi. Nilikwenda kukupelekea telegramu, nikafika dirishani nikashindwa kuyapanga maneno. Nisamehe.

Makaburini mwenyekiti wa klabu alimsifu kwamba hata siku moja hakulalamika. Mabwana wakaitikia kwa vichwa, Pruitt akainama akiangalia viatu vyake. Hasira zikanipanda. Nikasema, mbele ya kasisi na watu wote, kwamba laiti ndugu yangu angelalamika mara moja tu, leo tungekuwa naye mezani. Mama akanivuta shali ninyamaze. Nilinyamaza, lakini sijutii.

Wasalimu wote hapo nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Nawe ukijibu, usiniandikie kwamba hujambo ikiwa unaumwa. Lalamika, kaka. Nitakusikiliza.

Mimi dada yako akupendaye,
Lavinia