Jina Nililouambia Ukuta

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, Sikandra, Agra
Tarehe: 9 Februari 2014
Jina: Urmila Devi
Umri: Miaka 21
Elimu: Darasa la kumi na mbili
Kazi: Mke wa nyumbani, mwezi wa kwanza
Makazi: Firozabad, mtaa wa watengeneza bangili
Jina la mume: (shahidi ameomba lisubiri)

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, hata awe peke yake jikoni. Kwa hiyo humu nitasema "mume wangu" au "yeye", na Afande amekubali kwa sasa.

Mnamo tarehe 9 Februari 2014 alfajiri, tulipanda basi la matembezi kutoka Firozabad: mimi, yeye na mama mkwe, ambaye alibeba mikate ya puri na viazi vya kutosha harusi nyingine. Kiongozi wetu, Mzee Nasimuddin, alisema, "Leo mtaona makasri na makaburi ya wafalme wa Kimughal. Maharusi wakae mbele. Wakikaa nyuma hawaoni kitu." Mama mkwe akajibu, "Na mimi nitakaa katikati yao, nione vizuri zaidi." Basi zima lilicheka.

Saa moja asubuhi tulikuwa Taj Mahal. Ukungu ulikuwa mzito, mbele yetu hapakuwa na kitu. Kisha ukungu ukafunguka na jengo likawa pale, jeupe, halina uzito, kana kwamba ardhi imelishika lisiruke. Tangu utotoni nimeliona kwenye makopo ya biskuti na kalenda, na asubuhi hiyo nikajua sijawahi kuliona. Nilimshika mume wangu mkono mbele ya mama yake. Yeye akasema, "Mfalme alimjengea mkewe hili. Mimi nina bangili tu." Kazi yake ni kuunganisha ncha za bangili kwa moto, na hizi nilizovaa ameziunganisha yeye. Nikamwambia zinatosha. Afande ameniambia nifike kwenye habari ya Sikandra.

Saa nane mchana tulifika Sikandra, kwenye kaburi la Mfalme Akbar. Swala walikuwa wakila majani mbele ya mawe mekundu kama vile wamealikwa. Mzee Nasimuddin alituingiza kwenye ukumbi wenye kuba, akaeleza kwamba ukiielekea kona moja na kunong'ona, aliye kwenye kona ya pili anakusikia, na aliye katikati hasikii lolote.

"Bwana harusi kona ile, bi harusi kona hii. Mama, wewe baki nami hapa katikati."

"Na mimi hapa nitasikia nini?" mama mkwe akauliza.

"Hutasikia kitu."

"Nimetoka Firozabad kuja kutosikia?"

Niliweka paji la uso kwenye jiwe. Lilikuwa baridi. Sauti yake ikatoka ndani ya ukuta, karibu kuliko mtu aliyekulalia begani.

Alisema, "Siku ile ya bakuli, pete nilikuwa nimeishika mimi. Nikaiachia vidoleni mwako."

Siku nilipoingia kwao tuliwekewa bakuli la maziwa lenye pete ndani, tuitafute kwa mikono. Anayeipata ndiye mtawala wa nyumba. Niliipata mimi, na tangu siku hiyo nilikuwa nikimringia. Chini ya maziwa hapakuwa na mikono mingine ila yetu.

Mengine aliyosema sitayaandikisha, lakini hakunyamaza. Mwishoni akasema, "Sasa na wewe nipe kitu. Nitaje jina. Mama hasikii." Nikalitaja. Ukuta ukalipokea. Upande wa pili nikasikia pumzi tu, na nikahisi hata mfalme katika kaburi lake ametulia.

Mzee Nasimuddin alipiga makofi tutoke. Nje alimwita mume wangu kwa jina, apande basi. Mlinzi wa kaburi alilisikia jina hilo, akaja mbio. Kwenye ukuta nyuma ya ukumbi kulikuwa na majina mawili yaliyokwaruzwa kwa msumari, vumbi jekundu bado liko chini. Alisema alifagia pale tulipokuwa tukiingia ukumbini, na ukuta ulikuwa safi. Jina la kwanza ni la mume wangu. La pili ni Babli.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia. "Babli ni nani?"

"Mama, simjui."

"Baba yako naye alikuwa hawajui."

Mlinzi akasema, "Maharusi ndivyo mlivyo. Mkiona ukuta, mnaona daftari."

Nikamwambia, "Kaka, mimi si Babli."

"Ndiyo maana nakuonea huruma, dada."

Tukaletwa hapa, na mume wangu ameambiwa anaweza kufungwa jela kwa kuharibu jengo la kale.

Afande ameniuliza kama nilimwona. Sikumwona, nilielekea ukuta. Nilimsikia tangu nilipoinamisha kichwa hadi makofi yalipopigwa, na jiwe lile halisemi kwa niaba ya mtu aliyeondoka. Suala la pete hakuna mwingine anayelijua. Ameniuliza pia kuhusu Babli. Wanaume wenye jina kama la mume wangu wamejaa India yote. Mmoja wao ana Babli wake, na Mungu awasaidie. Wangu hushinda akiunganisha vilivyoachana. Hakwaruzi.

Afande amesema maelezo yasiyomtaja mtu hayamsaidii mtu. Nimefikiri. Nimelitaja mara moja maishani, kwa ukuta. Hii ni ya pili. Mume wangu ni Kundan. Kundan Lal alikuwa kwenye kona akizungumza nami.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Yaliyobaki yamo katika jiwe.

Sahihi: Urmila Devi

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nilikwenda ukumbini na Konstebo Chauhan, nikamwamuru anong'one lolote kwenye kona moja. Kutoka kona ya pili nilisikia kila neno, pamoja na ombi la likizo ambalo hajawahi kuthubutu kuniletea. Alipokwenda kunong'ona kwenye ukuta uliokwaruzwa, sikusikia kitu. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na mbili jioni. Niongeze kwamba shahidi alipotaja jina mlango ulikuwa wazi, na mtuhumiwa, aliyekuwa kwenye benchi nje pamoja na mama yake, aliitika.

D. S. Tomar, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi