Kisima cha Siku Tatu

Shoga, leo kwenye darasa la uandishi nimekosa pa kuficha uso.

Ile ramani ya riwaya yangu, niliyofunga na kuomba kwa ajili yake wiki nzima? Mwalimu ameibandika ubaoni. Sentimita moja, siku moja ya kutembea. Niliandika mwenyewe kwa wino mwekundu, nikajiona mtaalamu!

Yule fundi bomba ninayesoma naye akachomoa rula. Rula, shoga! "Dada, kutoka jikoni hadi kisimani ni siku tatu. Huyu mke wa kwenye riwaya yako akienda kuteka maji, mumewe anakunywa nini?"

Darasa zima hoi kwa kicheko. Ubarikiwe sana, kaka fundi.

Mwalimu kasema nihamishe kisima kabla ya Alhamisi, la sivyo riwaya haitachapishwa kwenye kitabu cha darasa.

Nihamishe? Kisima nilichokiombea? Hakihami. Mume ndiye atakayehama.