Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mlamula Uliopandwa Hatua Mia Nne na Kumi Kutoka Mlingotini

KAMATI YA SHULE YA MSINGI RWENKENDE, KATA YA ISINGIRO, WILAYA YA KARAGWE

Tarehe: Jumamosi, 13 Machi 1993
Mahali: Darasa la Sita

Waliohudhuria:
Ndg. Anatory Cassian – Mwenyekiti. Kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kinapakana na shule
Mama Adelgunda Yustus – Mjumbe. Mjane, jirani wa Mwenyekiti
Mzee Mbonimpa – Mjumbe
Mwl. Stephania Kemirembe – Mwalimu Mkuu, Katibu
Mwl. Theoneste Sibomana – Mwalikwa, anafundisha sayansi

Hakuhudhuria: Bi. Celestina – yuko msibani Kihanga (kwa taarifa)

KUMB. NA. 1/93: KUFUNGUA
Kikao kilichoitishwa saa 3:00 asubuhi kilifunguliwa saa 4:20. Mwenyekiti alieleza kwamba alipitia kwanza kibanjani kuutazama mlamula, na kwamba umeshachipua.

KUMB. NA. 2/93: MAELEZO YA MWALIMU
Mwl. Theoneste alieleza kwamba redio ilitangaza kugunduliwa kwa kitu cha barafu kinacholizunguka jua, ng'ambo ya sayari zote zinazojulikana. Ili wanafunzi waelewe umbali huo, aliufanya mlingoti wa bendera kuwa jua, dunia akaiweka hatua kumi, na kila sayari akaichomekea kijiti. Vijiti vikaishia jikoni kwa watu. Kitu cha barafu kiliangukia hatua ya 410, ndani ya migomba ya Mwenyekiti. Hapo alichomeka tawi la mlamula, kwa kuwa hakuna anayeliiba.

Mzee Mbonimpa alimkumbusha kwamba hapa kwetu mlamula ni mti wa mpaka, na ukishashika haung'olewi mpaka majirani wote wawili wawepo. Mwalimu aliomba radhi. Alisema mawazo yake yalikuwa angani.

KUMB. NA. 3/93: LALAMIKO LA MWENYEKITI
Mwenyekiti alitaka mti ung'olewe leo hii, asije mtu akasema kibanja chake kinaishia hapo.

Ikumbukwe kwamba Mama Adelgunda ana miaka miwili akidai kwamba, mumewe Yustus alipofariki, Mwenyekiti alisogeza mpaka na kuchukua migomba yake na mibuni ishirini. Mama huyo alishindwa kwenye baraza kwa kukosa alama ya kuonyesha. Mwenyekiti aliapa kwamba upande ule hapajawahi kuwa na mlamula.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba, kwa kuwa kitu hicho kinazunguka, kihamie upande wa kanisani. Mwalimu alijibu kwamba mzunguko mmoja huchukua karibu miaka mia tatu. Mwenyekiti alisema hawezi kusubiri.

KUMB. NA. 4/93: HESABU YA HATUA
Mwenyekiti alimshutumu mwalimu kwa kutojua kuhesabu. Maneno yake: "Mia nne na kumi gani? Kutoka mlingotini hadi mlamula wa Yustus ni hatua mia nne na tatu, nilizihesabu mwenyewe kabla sija..." Hakumaliza. Aliongeza tu kwamba mwalimu, kwa hatua zake fupi, hata hapo hajafika.

Mama Adelgunda aliuliza, "Mlamula upi, Bwana Mwenyekiti?"

Mwenyekiti alimwomba Katibu afute maneno hayo. Katibu alieleza kwamba ameandika kwa kalamu ya wino, na kwamba, kusema kweli, ameyaandika kwa furaha.

KUMB. NA. 5/93: MAAZIMIO
Wajumbe walikwenda kibanjani. Mwenyekiti alihesabu hatua, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu. Kwenye hatua ya 403, chini ya majani makavu ya migomba, kilionekana kisiki cha mlamula kilichokatwa kwa panga. Mama Adelgunda alikipapasa, akalia.

Iliazimiwa kwamba mti wa mwalimu uhamishiwe hapo, na majirani wote wawili waushike wakati wa kupanda. Waliushika. Mwalimu alisema kwa barafu iliyo mbali namna ile, tofauti ya hatua chache si neno.

KUMB. NA. 6/93: MENGINEYO
Mwalimu alieleza kwamba kitu hicho kina herufi na namba tu, hakina jina. Mama Adelgunda aliomba Darasa la Sita wakiite Yustus. Mwenyekiti aliulizwa kama ana pingamizi. Hakuwa nalo.

Watu walitawanyika saa 7:10 mchana, kila mmoja kwa njia yake. Mwenyekiti alizunguka kwa barabara ya juu.

Sahihi:
A. Cassian, Mwenyekiti (baada ya kusomewa Kumb. Na. 4 mara mbili)
S. Kemirembe, Katibu