Ua Ulilosema Haligawanyiki

Mwaka umezunguka na kutimia, Baba Seif, tangu homa ikuchukue hapa Nkwenda, duka likiwa wazi na wateja wa chumvi wakikungoja kibarazani. Sisi wa nyumbani kwako tunakukumbuka kila siku. Mimi mkeo ndiye ninayesema, na mwanao Seif ndiye anayeandika. Anayetaka kusikiliza na asikilize, kwetu hakuna tena cha kuficha.

Ulikuwa mtu mpole, na haki yako lazima uipate. Hukumpunja mtu kipimo cha chumvi. Mwanamke akija dukani na mtoto anayelia, ulimpa mtoto kipande cha sukari guru kwanza, kisha ndipo ulipomuuliza mama shida yake. Kasida uliziimba kwa sauti ya puani, na kahawa yako ulitaka ichemke mara mbili. Tangu uliponioa Tabora ukanipandisha huku kwenye baridi, hukuwahi kunipazia sauti. Nilijisifu kwa hilo mbele ya wanawake wenzangu, nao walichoka kunisikia.

Na ulilipenda ua lako. Ulirudi kutoka Bukoba na kipande cha mzizi kimefungwa kwenye jani la mgomba, ulichopewa na mtunza bustani mmoja, ukakipanda ndani ya mtungi uliovunjika shingo. Ulisema ni aina ya yungiyungi, inatoka kusini mbali. Majirani walipoona majani yake walicheka, wakaliita gimbi la Mswahili. Mmoja alikata kipande akakionja, ulimi ukamwasha mpaka jioni.

Wewe hukujali vicheko vyao. Ulichanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kukauka, ukauweka mtungi pale kivuli cha paa kinapoishia, ukatuambia ua hili linataka miguu yake iwe majini na kichwa chake kisiungue juani. Lilipochanua, jeupe, limejikunja kama kikombe na kidole cha njano katikati, ulituita sote tuje kuona. Kisu hukukigusa. Ulikishika kikonyo chini kabisa, ukakizungusha, ukakivuta taratibu, kisha ukanawa mikono kwa sababu ya utomvu. Likishamaliza kuchanua ulilipunguzia maji, ukasema nalo lina haki ya kupumzika. Mimi nililionea wivu ua lile, nikajicheka mwenyewe.

Kisha binti yetu Zuleha akafariki, hata kusema maneno yote vizuri alikuwa bado. Nilikuomba kitu kimoja tu: chipukizi moja nimpandie kaburini, kwa kuwa tulimzika kule bondeni kwenye unyevu na lingestawi. Ulinishika mkono, ukasema kwa ile sauti yako ya upole, "Mama Seif, ua hili haligawanyiki. Ukimtenga mtoto, mama hufa."

Jirani yetu Kokugonza, aliyezaliwa na kukulia kwenye migomba, alinisikia nikisimulia, akashika kiuno. "Mama waitu, kila kinachochipua pembeni kinatengwa! Kwani kibanja hiki chote cha migomba kilitoka wapi? Mumeo anakuzunguka." Nilimkasirikia. Nilimwambia mambo ya mgomba ajue yeye, mambo ya ua anayajua mume wangu. Kaburi la mwanangu likaota majani ya kawaida, nami sikukuomba tena. Niliogopa kukuulia ua lako.

Ulikuwa ukienda Isingiro kuuza chumvi, na mara nyingine ulibeba kikapu kilichofunikwa kwa jani bichi. Nikikuuliza, ulisema ni chakula cha njiani. Nami nilikuongezea ndizi za kuchoma juu yake.

Ulipofariki nilikaa eda yako. Sikutoka, sikujipaka mafuta, sikuvaa hata bangili, na Seif ndiye aliyelimwagilia ua. Eda ikaisha. Nilikuwa nafagia kibaraza kwa mara ya kwanza, akaja mwanamke mdogo kwa umri, mtoto mgongoni, mikononi mzigo mzima wa mayungiyungi meupe. Nilisimama na ufagio wangu. Nilijua kwa yakini kwamba nchi yote hii ilikuwa na mtungi mmoja tu wa ua lile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetoka wapi na maua hayo?"

"Natoka Isingiro. Jina langu Mgeni, mimi ni mke wa marehemu. Ningekuja mapema, lakini nilikuwa kwenye eda. Wewe ndiye Mama Seif, dada yake? Aliniambia dada yake ndiye anayekaa hapa dukani. Naomba unionyeshe kaburi."

"Dada yake?" nikasema. "Mimi ni mkewe."

Alirudi nyuma, akamshika mtoto mgongoni. "Mkewe alikufa. Aliitwa Asia. Maua haya yalitoka kaburini kwake, mume wangu mwenyewe aliniletea machipukizi yake, akaniambia niyatunze kwa heshima yake. Na mtoto huyu tukampa jina lake." Kisha, kama wanavyofanya akina mama wanapoogopa, akamwita mtoto: "Asia! Asia, mama!"

Tuliitika sote wawili.

Huku kila mtu ananiita Mama Seif, Baba Seif. Jina langu la kuzaliwa ulikuwa unalo wewe peke yako, ukalipeleka Isingiro ukalizika. Kuoa mke wa pili ilikuwa haki yako. Ungeniambia, ningelia, ningenuna, nisingekupikia siku mbili tatu, kisha tungepanga zamu kama watu wengine. Lakini wewe uliniua nikiwa jikoni nakuchemshia kahawa. Mwanangu aliyekufa kweli ulimnyima ua. Mimi niliye hai ukanipa kaburi, ukalivika maua. Hata mtoto alipozaliwa, jina la Zuleha hukulikumbuka. Inaniuma, na sioni aibu kusema kwamba inaniuma.

Na rafiki yako Abdulatifu, ambaye Mgeni aliniambia alikuwa shahidi wa ndoa hiyo, alikula pilau yangu kila Ijumaa akaniombea dua za mjane. Jina lake halimo miongoni mwa wanaokukumbuka hapa chini, naye anajua sababu.

Mgeni sikumfukuza. Alilia kuliko mimi, maana naye amekuwa mjane wa mtu asiyemjua. Nilipomweleza habari ya Zuleha na chipukizi moja nililonyimwa, alikwenda pale kivulini, akauinamisha mtungi wako, akautoa mzizi pamoja na udongo wake. Akaushika kwa mikono miwili, akausokota kidogo, na machipukizi yakaachana kwa urahisi kabisa. "Alinifundisha hivi," akasema. "Huko kwangu mfereji wote umejaa."

Tulishuka bondeni pamoja siku ile ile. Mvua hizi mwanangu amechanua, na mtungini pia kumechanua. Mama hakufa.

Kaburini kwako hatujapanda kitu. Seif aliniuliza juzi kama tukupelekee chipukizi, maana yapo tele, mpaka Kokugonza ameomba lake. Nikamwambia hapana. Baba yako alisema ua hili haligawanyiki, na mimi sijawahi kumbishia baba yako.

Wanaokukumbuka ni mwanao Seif, anayeandika haya huku akijifuta macho. Mkeo Mgeni wa Isingiro. Binti yako Asia mdogo, ambaye sasa anatembea na kung'oa kila kinachochipua. Na Asia mkubwa, mkeo wa Tabora na Nkwenda, ambaye yu hai. Mungu akurehemu. Kukusahau, Baba Seif, hatutaweza.