Kalamu Yangu Nyekundu Ndani ya Kitabu Chako

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Kosa tunalolifanya wengi wetu, mtu anapotufunulia uzito wa moyo wake, ni kudhani ametuletea swali. Tunakimbilia jibu. Na aliyesoma ndiye anayekimbia zaidi. Mimi, uliyeniita Mwalimu hata kabla sijapata cheti, nilikimbia kuliko wote.

Nakala ya barua hii naiacha wazi ili wenzangu wenye kalamu kama yangu waisome. Lakini jina lako silitaji, wala sirudii neno lolote uliloandika kitabuni. Hayo ni yako. Nitarudia niliyoandika mimi tu, na yananitosha kwa aibu.

Unakikumbuka chumba chetu cha mtaa wa Kongo, Kawangware, mwaka ule ulipokuja kutoka nyumbani? Kitanda kimoja, pazia katikati, stovu ya mafuta taa karibu na mlango. Kila mwisho wa mwezi ulimwandikia Mama barua, nami niliikagua kabla hujaifunga. "Wewe Mwalimu," ulicheka siku moja, "hata salamu za Mama unazipiga mkasi?" Siku hiyo ulikuwa umemweleza kwamba Nairobi inakutisha, kwamba moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu. Niliikata sentensi hiyo nikaandika juu yake: "Sote hatujambo." Ukainakili barua upya kwa ule mwandiko wako mzuri. Nilijivunia. Leo nikiikumbuka naona ndipo ulipojifunza kunipa yale tu yatakayopata tiki.

Miaka ikapita. Mimi nikahamia mtaa wa Satellite, wewe ukafungua kibanda chako cha kushona sare za shule pale kijiji cha Raila, Kibera. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuja kula kwako. Niliona cherehani imefunikwa siku nzima, nikadhani ni uchovu. Niliona umekonda, nikakwambia umependeza. Nilikuwa nakula na mgonjwa, nasifu mboga.

Mhudumu wa afya wa mtaa ndiye aliyeona. Akakuletea kitabu, na baada ya hapo ikawa unapigiwa simu kila Jumatano. Uliponieleza, nilicheka.

"Mtu ambaye hujamwona hata uso atakutibu kwa simu?"

"Hanitibu, Mwalimu. Ananiuliza tu."

"Anakuuliza nini?"

"Kama nimefanya kale kadogo."

"Kadogo gani tena?"

"Wiki hii ni kwenda kwa Mama Shiru kunywa chai bila kubeba kazi ya kushona."

"Chai!" nikasema. "Siku hizi chai ya jirani ni dawa?"

Ukanijazia sahani.

Sasa naweza kuieleza ile kazi vizuri, kwa sababu na mimi nimeelezwa, tena kwa subira ambayo sikukuonyesha. Kitabu kile hakina mtihani. Kina picha na nafasi tupu, na kila wiki kinakupa jambo moja la kujaribu: kupumua taratibu moyo unapokwenda mbio, kuandika wazo linalokusumbua jinsi lilivyo, kurudia kitu kidogo ulichokipenda zamani. Anayefanya ni wewe mwenyewe. Anayepiga simu si daktari, wala hajidai kuwa daktari. Anauliza umefika wapi na umekwama wapi, halafu anangoja. Akiona mzigo umekizidi kitabu, anakusindikiza kliniki kwa waliosomea zaidi. Katika miaka yangu yote darasani sikuwahi kujua kwamba kungoja ni kazi.

Jumapili ile ulikwenda kuchota maji, ukaniacha kibandani na chai jikoni. Kitabu kilikuwa chini ya kitambaa cha cherehani. Nilijua ni chako, nilijua ni cha nini. Nikajiambia: huyu wa simu hana hata diploma, ngoja ndugu yake amsaidie. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, kama kawaida, ingawa nimestaafu.

Niliandika kando ya mistari yako: "Si kweli, una watoto wawili wa bweni wanaokutegemea." Chini kidogo: "Umetia chumvi." Ukurasa uliofuata: "Mshukuru Mungu, wengine hawana hata cherehani." Palipotajwa chai ya Mama Shiru nilitia tiki. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho ulioandika. Niliusoma nimesimama. Kando yake niliandika neno moja, "Futa," nikapiga mistari miwili chini yake. Halafu, dada yangu, nikafunika sufuria ya chai isipoe.

Uliingia na jerikeni. Ukatazama kitabu, ukatazama kalamu.

"Umenipatia ngapi, Mwalimu?"

"Ukirudia utapita," nikasema, nikacheka. Nawe ukacheka. Kicheko hicho hakijatoka masikioni mwangu hadi leo.

Alhamisi ulifunga kibanda ukapanda basi kwenda kwa Mama. Nilipopata habari nilifikiri: vizuri, atapumzika.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nanunua mkate hapa Satellite, simu ikalia. Sauti ya msichana.

"Habari yako, Mwalimu. Naitwa Mercy. Mimi humpigia dada yako kila Jumatano. Hizi Jumatano mbili hajapokea. Ameandika namba yako hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye fomu. Mtu wa kutafutwa nikimkosa."

Kati ya watu wote wa mji huu, uliniandika mimi.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Yeye yuko salama?"

"Yuko kwa Mama," nikasema, na papo hapo nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimeusoma mstari ule kwa macho yangu, na kwa siku zote hizo sikupiga simu hata mara moja kuuliza kama uko hai. Nilikaa kwenye ngazi za duka. Vidole vilikosea namba ya Mama mara mbili. Muuza mkate akaniuliza, "Mzee, kuna nini? Nikuletee maji?" Mama alipopokea hata sikumsalimu.

"Yuko wapi?"

"Nani? Huyu? Yuko shambani anapalilia. Hasemi sana. Wewe, ulimfanya nini mtoto wangu?"

Nililia pale dukani, mbele ya watu ambao watoto wao niliwafundisha.

Nilimpigia Mercy nikamweleza kila kitu, kalamu na yote. Nilingoja anisomee makosa yangu, maana ndivyo mimi ningefanya. Akasema, "Asante kwa kuniambia, Mwalimu. Na wewe, unalalaje siku hizi?"

Nilishtuka kuliko alivyonishtua mwanzoni. Tangu tumzike wifi yako, hakuna aliyeniuliza hivyo. Wewe labda ungeniuliza, kama ningekupa nafasi kati ya hotuba zangu.

Akaniachia vitabu viwili pale kliniki ya Kibera. Kimoja ni chako, kipya, nacho kimo ndani ya bahasha hii. "Cha pili ni chako ukitaka," alisema kwa simu. "Pole pole tu, Mwalimu. Hapa hakuna kufeli." Nilidhani nitakimaliza kwa siku moja. Nilikaa mbele ya ukurasa wa kwanza, mahali pa kuandika wazo lako jinsi lilivyo, mpaka chai ikapoa kweli. Mwishowe nikaandika sentensi moja. Sitaki mtu yeyote aisahihishe. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokufanyia, nawe ulikuwa umejaza kurasa.

Mercy ananiambia kwamba lile nililokuamuru ufute ndilo hasa linalohitaji kusemwa kwa sauti: kwake, kwa tabibu wa zahanati ya hapo nyumbani, kwa Mama mkiwa shambani. Hata kwangu, ukiweza kunivumilia. Sitajibu kitu. Nitakaa. Na ikikuzidi kabla hujampata Mercy, mshike Mama mkono mwende zahanati siku hiyo hiyo. Nimeshamwomba, na hatakuuliza kwa nini.

Sikulazimishi urudi Raila. Sare zitangoja, na wateja nimewaambia umekwenda kumwona Mama, jambo ambalo ni kweli. Kalamu nyekundu nimempa jirani yangu wa mitumba aandikie bei. Katika bahasha utakuta ya buluu, nayo ni ya kwako peke yako.

Jumatano yako Mercy hajampa mtu mwingine. Namba yake nimeiandika ndani ya jalada la kitabu, kwa herufi kubwa. Nisamehe ukiwa tayari; hilo halina haraka. Lenye haraka ni hili moja: leo, kabla hujarudi shambani, mtumie Mercy ujumbe wa neno moja tu, "Nipo."

Kaka yako wa kwanza